Kitenge cha Kumuaga Mama Roda

Jumatatu, 4 Julai 2011

Baridi ya kukata masikio. Habari ya moto: Mama Roda anang'atuka!

Amesema mwenyewe leo kwenye kikao. Miaka ishirini na mbili mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake hapa Ihanda, sasa magoti yamegoma. Wanawake wakalia. Mimi nikalia kuwazidi wote, mpaka kamasi, maana huku nalia huku nafikiri. Kiti kiko wazi. Na mimi nina Goodness.

Goodness ni mwanangu. Simsifii kwa sababu ni wangu, nasema ukweli tu. Kidato cha nne kamaliza, kompyuta kasomea Mbeya mjini, sasa anafundisha chekechea na hata wale watoto wanaouma wenzao wamenyooka. Mimi niliishia la saba, lakini la saba la zamani, lile lenye akili. Yeye kachukua akili yangu akaiongezea vyeti.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Siku hiyo hiyo, baada ya chakula, anachaguliwa mwenyekiti mpya kwa kunyoosha mikono. Na mimi wanawake wa Ihanda nawajua. Watakayemwona mbele akimvisha Mama Roda kitenge cha heshima, huyo huyo ndiye watakayemnyooshea mkono. Basi anayeleta vitenge ndiye anayechagua wa kumvisha. Nikasimama haraka, nikasema sare niachieni mimi.

Katibu wetu Ruti, Mama Ezron, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Naye anakitaka kiti. Miaka yote anaandika muhtasari huku anakikodolea macho.

Jumanne, 5 Julai

Kamati, nyumbani kwa Ruti. Chai yake rangi tupu, sukari kaitia kwa kunong'ona.

Ajenda: maneno ya kuchapa kwenye kitenge. Ruti akataka iandikwe Asante kwa Utumishi Uliotukuka. Nikamwuliza tunamuaga mtu au tunafungua zahanati. Mke wa mchungaji akataka mstari wa Biblia, mrefu, ungeanzia kifuani ukazunguka mgongoni ukarudi na bado amina haijafika. Mimi nikasema: Kibemba! Vitenge tunanunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akina mama wa soko la Nakonde ni wageni wetu siku hiyo. Basi na neno litoke Nakonde. Neno geni lina heshima. La Kiswahili kila mtu analielewa, ndiyo maana hakuna anayelisoma.

Ruti akasema Kibemba changu kinaishia kwenye shinga, yaani bei gani. Wivu huo! Mpaka ule nimeuvuka tangu Goodness ananyonya. Kila nikimaliza kununua, mzigo kichwani, nawageukia wenye vibanda nawaambia shalenipo! Yaani kwaheri. Na wao hunijibu mwende bwino, sijui ndiyo nini, adabu zao tu. Na mama kwao ni mayo. Basi hesabu ni rahisi: SHALENIPO MAYO. Kwaheri Mama.

Kamati ikapiga makofi. Ruti alipiga kwa vidole viwili.

Jumatano, 6 Julai

Nimemwambia Goodness kwamba atakuwa mwenyekiti. Akasema hataki.

Akasema ana miaka ishirini na mitatu, hajaolewa, hajafiwa, hajapigwa hata kibao, sasa atawaambia nini wanawake walioyapitia yote hayo? Akasema afadhali aendelee kumwandikia Mama Roda barua zake huku anajifunza pole pole. Unyenyekevu ulioje! Kiongozi kabisa huyu.

Halafu akaniuliza kama nimesahau habari ya bati. Nani anasahau? Baba yake, Boazi wangu, alipofariki, matanga hayajaanuliwa, shemeji yangu Efraimu akaja na ngazi na koleo. Kwamba bati ni la ukoo, shamba la kahawa ni la ukoo, na mimi nirudi kwetu na mtoto wangu. Akaja Mama Roda na mwavuli na pochi. Hakugombana na mtu. Alipanda ngazi ile ile ya Efraimu, akakaa juu ya bati. Mwanamke mzito vile! Efraimu akamwambia shuka, mama. Akasema hashuki. Jua likawaka, mvua ikanyesha, yeye kafungua mwavuli, anatafuna mahindi ya kuchoma, magunzi anamtupia Efraimu. Alishuka jioni, baada ya mwenyekiti wa kijiji, mzee Fanueli, kutamka mbele ya watu wote kwamba nyumba na shamba ni vya mjane na mtoto wake.

Pale alipokalia panavuja mpaka leo. Sipazibi. Ni kumbukumbu.

Kwa hiyo Mama Roda nampenda. Nampenda sana. Lakini kiti ni kiti.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba. Wenzangu wamepumzika, mimi Tunduma. Malori yamepanga foleni mpaka milimani, madereva wanapika ugali chini ya matela. Nikavuka Nakonde, nikachagua kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kizito, ukikikunja kinalia kama noti mpya. Shinga, shinga, tukaelewana. Shalenipo! Mwende bwino!

Nikarudi upande wetu kwa Barnaba, fundi anayechapa maandishi kwenye fulana za mpira. Mzee mbishi. Kasoma karatasi yangu, kavua miwani, kaniuliza, "Mama, anayeondoka hapa ni nani, ninyi au yeye?"

Nikamwambia ni yeye, anastaafu, kwani vipi? Akaanza kunieleza, sijui aendaye, sijui abakiye. Nikamkatiza. Nikamwuliza yeye ni fundi au mwalimu wa lugha. Akavaa miwani. Akachapa.

Jambo moja nilimkazia: wino usichuje. Siku ya mwanangu isifutike kwa kufuliwa mara mbili! Barnaba akachukua kipande cha majaribio, akakichovya kwenye jiki mbele ya macho yangu. Kitambaa kikapauka chote. Maandishi yakabaki yananitazama, meusi tii. Akasema huo ni wino wa kuzikwa nao. Nikafurahi, nikamnunulia soda.

Jumapili, 10 Julai

Ruti kanipiga chenga.

Baada ya ibada katangaza zawadi yake binafsi kwa Mama Roda. Kiti! Cha mninga, cha kuegemea, mito miwili ya sufi, kachongesha kwa fundi wa Vwawa. Kakileta mpaka uwanja wa kanisa ili kila mtu akione. Eti Mama Roda akapumzishie magoti nyumbani. Janja ya nyani! Anataka watu wakisikia neno kiti wamkumbuke yeye.

Nikakikalia kukipima. Kizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nikamwambia pole Mama Ezron, kinanesa kidogo. Akaniambia anayenesa si kiti.

Jibu limenijia nimeshafika nyumbani. Sasa ninalo, lakini hayupo.

Jumatano, 13 Julai

Sare zimegawiwa. Ihanda imegeuka bluu. Wanaouliza maana ya neno nawaambia subirini siku yenyewe. Mama Roda peke yake ndiye tumemficha. Akipita, wanawake wanageuza kitenge nje ndani, kijiji kizima kinaonekana kimevaa gizani.

Ajabu ya leo: shemeji Efraimu kanitembelea! Tangu lile bati hajawahi kunywa maji kwangu. Leo kaja na meno yote nje. Kanipongeza kwa maandalizi, kaahidi kreti mbili za soda. Kauliza ni kweli Mama Roda anaondoka kabisa? Kabisa, shemeji. Hata kwenye baraza la ardhi, kwenye kesi za wajane, hatafika tena? Hatafika, magoti. Akasema Mungu ni mwema.

Halafu akaenda shambani kwangu, kwenye kahawa, akawa anatembea kwa hatua ndefu ndefu kutoka mpaka hadi mpaka, anahesabu kwa sauti. Nadhani ni sukari. Wagonjwa wa sukari madaktari huwaambia watembee. Nikamwonyesha na njia nzuri asije akajikwaa kwenye miche. Jamani, watu hubadilika!

Goodness alipomwona akakunja uso. Nikamkanya. Mtoto aliyelelewa kanisani hafugi kinyongo.

Jumamosi, 16 Julai

Sina hamu. Lakini niandike kwa utaratibu.

Asubuhi yote vizuri. Uwanja wa kanisa bluu tupu, mchungaji akasema ni kama mbingu imeshuka Ihanda. Kwaya, wali, mbuzi. Akina mama wa Nakonde wakafika na ungo wa karanga. Walipoona sare zetu walifurahi kupita kiasi, wanatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi. Nikamkonyeza Ruti: unakiona Kibemba changu?

Goodness akasoma risala. Sauti kama kengele! Nikapiga kigelegele kabla hajafika nukta ya kwanza. Kataja yote: wajane waliorudishiwa mashamba, mabinti waliotolewa kwenye ndoa wakarudishwa darasani, wanaume wa Ihanda waliofundishwa kubeba ndoo ya maji kichwani. (Hilo la mwisho hatujamwona hata mmoja bado, lakini kufundishwa walifundishwa.) Halafu akachukua kitenge, akamvisha. Mikono ya watu ilikuwa inawasha kunyooka. Niliiona!

Mama Roda akakunjua pindo. Akasoma. Akasoma tena, midomo inacheza. Akauliza ni nani aliyechagua neno hili. Ruti, ambaye kila sifa huivizia, alininyooshea kidole upesi kuliko nilivyowahi kumwona.

Sasa, nani aliwahi kuniambia kwamba Mama Roda kazaliwa Kitwe, kule Zambia? Baba yake alikuwa mgodini huko, kwenye shaba! Kibemba kakinyonya! Akawageukia wale wa Nakonde, akasema nao, wakacheka, wakapiga makofi ya adabu, wakaimba kwa pamoja: "Shalenipo mayo!" Ndipo akatutafsiria. Anayeondoka ndiye humwambia anayebaki shalenipo, maana yake baki hapo salama. Na anayebaki ndiye hujibu mwende bwino, nenda salama. Kwa hiyo wanawake wote wa Ihanda, kifuani na mgongoni, wamemwandikia: Baki hapo, Mama.

Miaka yote hiyo mpakani, mimi ndiye ninayeondoka! Ningejuaje cha kumwambia mtu anayeondoka yeye?

Mama Roda akalia. Si kwa kelele kama mimi, machozi tu, yanashuka. Akasema tangu alipotaja magoti, kila mtu kamwambia pumzika mama, pumzika mama, kana kwamba walikuwa wanalisubiri neno hilo mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyemwambia baki. Akadhani amewachosha.

"Nilipokaa juu ya bati la Mama Goodness niliambiwa shuka, sikushuka," akasema. "Leo mnaniambia wote kaa. Sasa nitashukaje?"

Akageuka, akakiona kiti cha Ruti. Akakikalia kwa uzito wake wote. Hakikunesa.

"Na kiti mmeniletea! Wanawake, mna mambo!"

Vigelegele mpaka kuku wa mchungaji wakaruka ukuta. Uchaguzi hakuna tena. Ruti macho yamemtoka kama chura aliyekanyagwa. Nikajikuta nimemshika mkono, naye kaushika wangu. Tukashtuka, tukaachiana.

Mama Roda akaongeza mawili. La kwanza: atakaa kitini mpaka siku maandishi yatakapofutika kwenye vitenge vyetu, si kabla. La pili: akamtafuta Efraimu kwa macho, akamwambia, "Shemeji yetu, nasikia unafanya mazoezi kwenye kahawa ya Mama Goodness. Usichoke. Wiki ijayo naja kukuhesabia hatua."

Watu wakacheka, wengine mpaka wakainama. Efraimu akabeba kreti zake za soda, moja haijafunguliwa hata kizibo, akaondoka. Mbona aondoke? Mama wa watu kamjali afya yake tu.

Goodness alipiga makofi kuliko mtu yeyote uwanjani. Mwanangu! Anajua kuficha uchungu.

Jumapili, 17 Julai

Sasa naitwa Mama Shalenipo. Kuanzia mlangoni mwa kanisa mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Mchungaji kanitaja mimbarini. Kasema Mungu huvitumia hata vyombo dhaifu. Nikasimama, nikapunga mkono. Nje, Mama Roda kanikumbatia, kasema katika Ihanda nzima ni mimi peke yangu niliyeuona moyo wake. Nikasema ndivyo, niliuona. Nyuma yangu Ruti akapaliwa na mate.

Halafu Mama Roda akaomba apewe Goodness awe msaidizi wake, wafuatane naye baraza la ardhi, ajifunze kesi za wajane. Goodness akakubali hata sijaulizwa. Usoni anang'aa kama kapata mchumba. Msaidizi! Mwanangu mwenye vyeti! Kumbebea mtu mwavuli na pochi!

Nilicheka mbele za watu. Nilipofika nyumbani niliupiga teke ungo.

Jumatano, 27 Julai

Nimepata dawa!

Mama Roda alisema mpaka maandishi yafutike. Hakusema yafutike yenyewe. Nikatangaza kwamba sare zote za kikundi nitafua mimi, bure, kwa mapenzi tu. Wanawake wakashangaa, wakasema moyo wa Mama Shalenipo hauna mfano. Ruti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta cha kwake. Ndani ya kitenge kaviringisha chupa ya jiki.

Leo siku ya nne nafikicha. Kucha zimekwisha. Maua ya njano yamekwisha. Bluu imekuwa kijivu, kijivu imekuwa nyeupe. Lakini SHALENIPO MAYO bado nyeusi tii, na kwenye nyeupe ndiyo inazidi kusomeka. Inasomeka mpaka barabara kuu. Madereva wa Zambia wanapunguza mwendo, wananipigia honi. Barnaba yule!

Sijakata tamaa, maana Mungu kaniletea msaidizi. Nani? Efraimu! Kasikia ninachofanya, kaja mwenyewe na katoni nzima ya sabuni. Na maji anachota yeye kisimani. Ndoo kichwani! Mwanaume wa Ihanda, ndoo kichwani! Kila akirudi anachungulia kwenye kamba ya kuanikia, anauliza neno limeanza kufifia, shemeji? Namwambia bado, labda kesho. Hata mazoezi yake kwenye kahawa kayaacha kwanza, anasema atayaendeleza neno likishafutika. Niliguswa mpaka nikampa chai yenye maziwa.

Goodness karudi kutoka chekechea. Kaangalia ndoo, kaangalia sabuni, kaangalia kamba, kaniangalia mimi. Kaenda mbio kumwita Mama Roda. Safi kabisa, nikasema moyoni, na aje ajionee mafundisho yake ya ndoo yalivyozaa matunda.

Efraimu alipouona ule mwavuli unakuja juu ya migomba, akaangusha ndoo, akakatiza katikati ya kahawa mbio, kiatu kimoja kikabaki. Wanaume bwana! Wanaona aibu kusifiwa.

Mama Roda kasimama mbele ya kamba muda mrefu, kasoma neno lake la heshima mstari mzima, nyeupe baada ya nyeupe. Kaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nakitunza kitenge, Mama, kisiingie uchafu. Akanitazama. Akamtazama Goodness. Wakacheka mpaka Goodness akakaa chini. Sijui walicheka nini, lakini na mimi nikacheka, maana kicheko cha Mama Roda kikikupitia huwezi kusimama.

Kisha akaomba kigoda, akaketi pale pale kando ya kamba, mwavuli wazi, akasema leo hana haraka.

Alipoondoka nilihesabu sabuni ya Efraimu. Imebaki nyingi. Kesho naloweka tangu alfajiri.